Yaa Birago Amponsem, Aliyeurudisha Ua Katika Nyumba ya Ghorofa

(14 Machi 1963 – 8 Oktoba 2024)

Mkuu wa ukoo, Opanin Kwabena Fordwuo; mama mkubwa wa ukoo, Maame Afua Kyerewaa; mfiwa, Bwana Kwaku Adade; watoto, majirani wa Dichemso, wasanifu majengo mliotoka Accra, nanyi mliokuja kuhakikisha kama kweli amekufa: karibuni. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mdogo wake wa tumbo moja, Adwoa Pinamang. Upo wasifu mwingine uliotayarishwa na Opanin, ambamo marehemu ni mtu mpole, mtiifu, mpenda maendeleo, asiyepandisha sauti. Mtu huyo sisi hatumfahamu. Kama naye amefariki hapa Kumasi, ndugu zake watamzika. Leo tunamzika Yaa Birago.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1963, hapa hapa Dichemso, katika nyumba ya bibi yetu Nana Akua Dufie wa ukoo wa Ekuona. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Maame Abena Nyantakyiwaa na Bwana Amponsem, fundi cherehani wa Asafo. Nyumba ya Nana ilikuwa ya udongo, pande nne, na ua katikati. Uani ndiko watu walikoogeshwa wakiwa wachanga, wakasukwa nywele, wakachapwa, wakaozwa na kulazwa wakifa. Mama alipenda kusimulia kwamba siku Yaa anazaliwa wanawake walikuwa wanatwanga fufu, muhogo na ndizi, nje ya mlango, wala hawakusimamisha michi, kwa sababu watoto huzaliwa kila siku lakini supu ikipoa imepoa. Labda ndiyo maana mtoto mwenyewe alikua na sauti ya kushindana na vinu.

Alianza shule ya msingi hapa mtaani mwaka 1969, kisha akapelekwa shule ya bweni ya wasichana huko pwani. Akiwa kidato cha pili waliambiwa wachore nyumba ya kisasa. Wenzake walichora paa jekundu na bomba la moshi, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kuota moto sebuleni. Yaa akachora nyumba yenye uwazi katikati. Mwalimu akamrudishia karatasi na maneno ya wino mwekundu kwamba amesahau paa. Yeye akaenda mpaka ofisini kumweleza kwamba hakusahau kitu, hapo ndipo watu wanapokaa. Alipewa adhabu ya kufyeka nyasi kwa kubishana, na kila likizo aliirudia hadithi hiyo huku akicheka peke yake. Mwaka 1988 alihitimu usanifu wa majengo katika chuo kikuu cha hapa Kumasi, mmoja wa wanawake wachache wa darasa lake.

Kazi aliianzia Accra, katika kampuni ya usanifu ambayo haina haja ya kutajwa. Huko alichora majengo ya ghorofa aliyokuja kuyaita masanduku: ngazi, korido yenye giza, milango inayotazamana, na kila mtu na funguo zake. Walimsifu na kumpandisha cheo. Kisha ikaja Jumapili moja ya mwaka 2003, alipokwenda kumtembelea rafiki aliyepanga katika moja ya majengo hayo, ghorofa ya tatu. Mwenye jengo alikuwa amepiga marufuku vinu, kwa sababu wa juu wakitwanga, sakafu za zege zinatikisika na wa chini wanapiga kelele. Marehemu alibisha hodi, hakufunguliwa. Akasukuma mlango, akafuata sauti nzito ya kudunda, akamkuta rafiki yake amejifungia bafuni, kinu kimewekwa juu ya godoro la mtoto, anatwanga muhogo na ndizi kidogo kidogo, jasho linamtiririka, anaogopa kusikika. Mwanamke wa Kiasante, mke wa mtu, anatwanga chakula cha mumewe kwa kujificha kama mwizi.

Yaa alirudi nyumbani na kumpigia mdogo wake simu. "Adwoa, nimemjengea mama wa watu jela," alisema, "tena ananishukuru na kodi analipa." Wiki hiyo hiyo aliacha kazi. Mwaka 2004 alifungua ofisi yake Kumasi, na akaanza kumwambia kila aliyetaka kujenga fleti kwamba azijenge kuzunguka ua wa katikati, veranda zitazame ndani, watu waonane. Walimcheka. Matajiri wa mji huu, ambao mama zao waliwalea uani, walimwambia kwamba hewa hailipi kodi, kwamba ua ni mambo ya kijijini, kwamba mteja anataka korido yenye vigae. Kwa miaka sita aliishi kwa kuchora kuta za makaburi na vyoo vya shule. Wengi waliomcheka wapo hapa leo, wamevaa nyeusi na nyekundu, na wanakunywa maji tuliyowanunulia.

Mwaka 1991 alikuwa ameolewa na Bwana Kwaku Adade, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, na hilo lilikuwa bahati kwa sababu nafasi ya maneno ilikuwa imeshajaa. Waliporudi Kumasi waliishi kama wazee wetu walivyoishi: mume kwao, mke kwao, na chakula cha jioni kikavuka barabara katika bakuli lililofunikwa kitambaa. Watu walidhani wamegombana. Bwana Adade aliulizwa na walimu wenzake kama mkewe amemkimbia, akawajibu kwamba mke anayekimbia halafu akaleta supu ya karanga kila jioni, na aendelee kukimbia. Walijaliwa watoto watatu, na ndoa yao ilidumu bila wao kuitangaza.

Sasa tunafika kwenye nyumba hii, na atakayetaka kwenda nje kujinyoosha aende sasa.

Juni mwaka 2010, mvua iliangusha upande wa mashariki wa nyumba ya Nana Dufie. Ukoo ukakaa kikao. Mjomba Fordwuo, aliyekuwa ndiyo kwanza amekabidhiwa ukuu wa ukoo, alikuja na mchoro alioununua Accra: ghorofa nne, korido katikati, vyumba huku na huku, ua hakuna. Marehemu aliupokea kwa mikono miwili kwa heshima, akautazama, akaukunja, akaukalia.

"Binti yangu," mjomba akamwambia mbele ya ukoo mzima, "tumehangaika miaka yote tutoke uani tupande ghorofani. Wewe tuliyekusomesha ndiye unayetaka kuturudisha tukakae na kuku?"

"Kuku hawana neno, mjomba," Yaa akajibu. "Wewe ndiye unayetaka kutufungia kwenye tundu lao."

Waliocheka walicheka. Mjomba hakucheka, na tangu siku hiyo wawili hao hawakusemeshana uso kwa uso. Kila mmoja alimwita msemaji amfikishie mwenzake maneno, kama machifu wawili wa nchi mbili, hata wakiwa wamekaa benchi moja na goti la huyu linagusa goti la yule. Watoto wa nyumba hii walikua wakidhani ndivyo wajomba wanavyosalimiwa.

Marehemu hakubishana na wanaume. Alipita kwa wanawake wa ukoo mmoja mmoja, akawauliza katika korido ile mama atatwanga wapi, pilipili ataianika wapi, mtoto atatambaa wapi. Kikao kilichofuata Maame Kyerewaa alisema nyumba ni ya tumbo la Nana Dufie, na tumbo limeamua. Mjomba alikubali kwa mdomo. Moyoni aliweka, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Nyumba ilikamilika mwaka 2013, nanyi mmeketi ndani yake. Ghorofa nne zimeuzunguka ua, na kila mlango unatazama ndani. Maji ya mapaa yote yanashuka kwenye tangi lililo chini ya miguu yenu. Pale pembeni ni sakafu ya kutwangia, iliyojengwa juu ya msingi wake yenyewe, mbali na msingi wa jengo, hivyo mchi ukianguka hakuna kikombe kinachotikisika ghorofani. Upepo unaingia kwa lango la kusini na kupanda, na umeme ukikatika hakuna anayekufa kwa joto. Mtu akiugua, anajulikana kabla ya saa nne asubuhi, kwa sababu mlango wake haujafunguliwa na watu wameona.

Tusidanganyane, si wote walioupenda ua. Vijana waliuchukia, maana hakuna aliyeweza kuingiza mgeni bila mashangazi kujua jina la mgeni, ukoo wake na aliachana na nani. Marehemu mwenyewe hakuwa jirani rahisi. Mpangaji mmoja aliziba veranda yake kwa mbao apate faragha. Yaa alipanda na nyundo akazing'oa mwenyewe, huku akimweleza mpangaji yule tabia zake zote kwa sauti ya kusikika ghorofa nne. Mpangaji alihama mwezi huo, na bado ana kinyongo. Tunamshukuru kwa kuja leo.

Kisha wageni wakaanza kumiminika. Wale waliosema ua ni mambo ya kijijini walikuja kuupima na kuupiga picha. Marehemu alichora majengo mengine ya namna hii, la Tafo, la Sunyani na lile la walimu kule Mampong, ambako aliwalazimisha wenyewe wakae chini wamwambie kwanza wanatwangaje, ndipo akashika kalamu. Wengine walichukua bila kuomba. Mmoja wao amekaa safu ya pili, amevaa nguo nzuri sana. Alipewa tuzo Accra kwa ua wake wa kisasa, akahojiwa, akasema wazo lilimjia ndotoni. Jina lake hatulitaji. Majirani zake wa kiti wameshamtambua, kwa sababu ametazama chini.

Februari 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alianza kwenda hospitali kusafishwa damu, na kutoka ghorofa ya tatu akashuka kukaa chumba cha chini. Aliendelea kuchora akiwa kitandani, na kugombana akiwa kitandani. Lakini miguu ilivimba, sauti ikapungua, na mjomba Fordwuo akasikia kwamba sauti imepungua.

Jumanne, tarehe 3 Septemba mwaka huu, asubuhi, mafundi waliingia uani na sururu. Mjomba alikuwa amekubaliana na mfanyabiashara mmoja kwamba ua ujengwe maduka ya simu, ghorofa mbili, paa la bati juu. Vinu vilikuwa vimeshatolewa na kutupwa kando ya barabara. Wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo. Wapangaji walisimama kwenye veranda zao wote, wamekunja mikono, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu kodi wanamlipa mjomba. Mlimwona Bwana Adade akivuka barabara mbio na viatu vya ndani, akambeba mkewe, akamtoa nje na kumweka kwenye kiti ukingoni mwa shimo la kwanza. Mlitazama. Tunajua kila mmoja wenu alisimama mlango gani.

Msemaji hakuwepo, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu kikao kile walisemeshana.

"Yaa, rudi ukapumzike," mjomba alisema. "Mgonjwa hasimamii ujenzi."

"Sijasimamia kitu," marehemu akamjibu. "Nimekaa kwetu."

Mafundi wakaangaliana. Hakuna aliyetaka kuwa yule aliyemwangushia udongo mwanamke aliyevimba miguu. Waliweka sururu begani wakaondoka, na Yaa alikaa pale hadi jua likahamia upande wa pili. Kesho yake ilikuwa siku yake ya hospitali. Alipokuwa amelazwa kwenye mashine, mafundi walirudi wakamaliza kuchimba. Hayo ndiyo maendeleo aliyoyapenda marehemu, kwa mujibu wa ule wasifu mwingine. Opanin amekuwa akiwaambia watu kwamba Yaa aliridhia mwishoni. Huo ni uongo, na mdogo wake anausema hivyo hivyo mbele ya jeneza: uongo.

Tarehe 20 Septemba alilazwa, na hakutoka tena. Madaktari na wauguzi walimhudumia vizuri na tunawashukuru. Siku chache kabla ya mwisho alimwuliza mdogo wake kama wameshaweka chuma kwenye mashimo. Alipoambiwa bado, alisema, "Basi bado," akafumba macho akalala vizuri. Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, alfajiri, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Figo ndizo zilizomuua, hatutamsingizia mtu. Lakini aliyemnyima utulivu wa siku zake za mwisho tunamfahamu, na kiti chake leo ndicho cha mbele kabisa.

Ukoo ulipokaa kupanga msiba, mjomba alitangaza kwamba marehemu atalazwa katika ukumbi wa kukodi, wenye feni na viti vilivyovalishwa vitambaa, kwa sababu uani kuna ujenzi. Maame Kyerewaa, ambaye kwa umri wake huwa hasemi mpaka wengine wamechoka, alimwuliza ujenzi huo umeanzishwa na nani. Mjomba akakohoa.

"Tangu lini sisi Ekuona wa Dichemso tunaazima mahali pa kulaza maiti wetu?" Maame alisema. "Kwabena, ukienda misibani kwa wenzio watakuuliza kama una nyumba, na utajibu nini? Mtoto huyu atalazwa nyumbani. Fukia."

"Maame, chuma kimeshanunuliwa."

"Basi kilaze chuma chako ukumbini. Mtoto wangu atalala uani."

Mkuu wa ukoo asiyeweza kumlaza maiti wake nyumbani kwake huwa kichekesho cha mji, na mjomba anajua hivyo kuliko sisi. Alikubali, lakini aliongeza neno, na waliokuwepo walilisikia: kwamba anafukia kwa ajili ya maiti tu, na Jumatatu baada ya mazishi mafundi wanarudi. Alhamisi wiki hii mashimo yalifukiwa. Aliyesimamia ni mjomba mwenyewe, amekunja uso, huku wanawake wa nyumba wakivirudisha vinu kutoka barabarani, na hakuna aliyewasaidia kubeba.

Marehemu ameacha mume, Bwana Kwaku Adade, watoto watatu, Akosua Dufie, Kwadwo Amoafo na Ama Nyantakyiwaa, mdogo wake, Adwoa Pinamang, wajukuu wawili, mjomba mmoja, Opanin Kwabena Fordwuo, na mama mkubwa, Maame Afua Kyerewaa. Ameacha pia nyumba nne zenye ua, na kinamama kadhaa ambao hawatwangi tena bafuni.

Lililobaki ni la Jumatatu, na tunalisema sasa ili mtu asije kudai hakusikia. Tangu jana, kabla ya kuwekwa jenezani, Yaa alikuwa amelazwa katikati ya ua huu, kwenye kitanda cha shaba cha Nana Dufie. Maame Kyerewaa ndiye aliyechagua mahali pa kukiweka, juu ya udongo ule mbichi wa Alhamisi, na asubuhi ya leo mjomba mwenyewe, kwa mkono wake, amemwaga kinywaji cha tambiko kwa wazee waliotangulia hapo hapo na kulitaja jina la Yaa, na mji wote umemsikia. Mafundi wakija na sururu, hatutawapigia kelele wala hatutawashika mikono. Tutashuka kutoka ghorofa zote nne na nguo hizi hizi za msiba, tuzunguke ua na viti, tukae. Watakapoanza kuchimba pale alipolala, tutamwuliza mkuu wetu wa ukoo jambo moja tu: mjomba, Yaa tumeshamzika, na hili ni kaburi la nani?

Yaa Birago, pumzika, umechoka. Sisi bado.